UZI: Kufundisha fikra tunduizi kwa nadharia za njama. Usipochanganya za kweli na za uongo, unaharibu

Mwl_Chaki (mleta mada)

Wadau, salaam. Uzi huu ni wa walimu na walezi wa klabu wanaotaka kutumia nadharia za njama kuwafunza vijana wa kidato cha 2 hadi cha 4 kupima ushahidi.

Naanza na kosa linaloua somo hili kuliko mengine yote. Mwalimu anachukua madai sita, yote ya uongo, anayabomoa moja baada ya jingine mpaka kengele inalia. Mwanafunzi anatoka na kanuni moja: nikisikia "njama", jibu ni "uongo". Huyo hajajifunza kupima chochote, kajifunza kukisia anachotaka mwalimu. Siku akikutana na njama iliyotokea kweli, ama ataikana, ama ataamua kwamba mwalimu alimficha, na hapo ndipo anapowageukia watu wa YouTube.

Kwa hiyo changanya. Kadi sita za manila kwa kila kundi, tatu za kweli, tatu za uongo, bila alama yoyote:

1. Idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwanyima dawa kwa makusudi wanaume weusi wenye kaswende ili ione ugonjwa unavyoendelea.
2. Wanaanga wa Marekani hawakufika mwezini mwaka 1969. Picha zilipigwa studio.
3. Kampuni kubwa ya magari iliweka ndani ya magari yake programu ya kudanganya kipimo cha moshi.
4. Virusi vya UKIMWI vilitengenezwa katika maabara ya jeshi la Marekani.
5. Serikali ya Uingereza ilificha kwa karibu miaka 50 majalada ya utawala wake nchini Kenya.
6. Dunia ni bapa, na mashirika ya anga yanalificha jambo hilo.

Hapa zinapishana kweli na uongo ili mnifuate, darasani zichanganyeni. Urefu wa sentensi uwe karibu sawa, na "inasemekana" isiwepo kwenye kadi yoyote, maana vijana wanasoma dalili hizo haraka kuliko tunavyodhani.

Andalio ni la vipindi 4 vya dakika 40, wanafunzi 40, makundi 8 ya watu 5.

Kipindi cha kwanza: kila mwanafunzi peke yake, kimya, anaandika namba kati ya 0 na 100 kwa kila kadi. 0 ni "nina hakika si kweli", 100 ni "nina hakika ni kweli". Haandiki jina, anaweka alama yake ya siri tu. Dakika 6, kusanya. Hatua hii ije kabla ya makundi, kwa sababu wakishaanza kuzungumza mwenye sauti kubwa huwavuta wenzake na hutajua tena nani aliamini nini. Kisha kila kundi lipewe kadi mbili na lijaze safu mbili kwenye bango kitita: "Kama ni kweli, tungetegemea kukuta nini?" na "Kama si kweli, tungetegemea kukuta nini?" Hakuna simu, hakuna kutafuta. Kundi linapoandika matarajio baada ya kuona ushahidi, linayashona yafanane na ushahidi huo.

Kipindi cha pili: bahasha. Kila kadi ina vipande vinne vya ushahidi vilivyochapwa: viwili vizito, kimoja dhaifu, kimoja kisichohusiana kabisa ingawa kinavutia. Kundi linavipanga kwa uzito na kueleza sababu. Njia hii haihitaji bando wala maabara ya kompyuta.

Kipindi cha tatu ni majaribio ya uwanjani. Cha nne, wanaandika namba upya, tunalinganisha wastani.

Hapo kwenye wastani tazameni kwa makini. Tuseme kadi za kweli zilianza na 40 na za uongo 45. Baada ya somo za kweli ziko 75 na za uongo 15: somo limefanya kazi. Lakini kama zote sita zimeshuka hadi 20, hujafundisha kupambanua. Umewafundisha kutoamini chochote. Mwalimu anayepima kadi za uongo peke yake atashangilia matokeo hayo bila kujua amefanya madhara.

Dadisi_254

Mwalimu, asante. Swali: kwa nini namba hadi 100? Kweli/Uongo ingekuwa rahisi kusahihisha.

Mwl_Chaki

Mdau, kijana aliyeandika "Uongo" hana njia ya kusogea bila kuonekana ameshindwa mbele ya wenzake. Aliyeandika 80 anaweza kushuka hadi 55 na heshima yake ikabaki. Halafu 50 inampa ruhusa ya kusema "sijui bado", jibu ambalo mitihani yetu haimpi alama kamwe.

Jalada_la_Kale

Nichangie upande wa historia, maana bahasha zikiwa na makosa somo zima linaanguka.

Kadi ya 1: ni Tuskegee, jimbo la Alabama, 1932 hadi 1972. Wanaume 600, kati yao 399 wenye kaswende na 201 wasio nayo. Waliambiwa wana "damu mbaya". Penisilini ilishakuwa tiba inayojulikana katika miaka ya 1940, nao hawakupewa. Aliyekuwa mfanyakazi wa idara hiyo ya afya, Peter Buxtun, ndiye aliyefikisha habari kwa shirika la Associated Press, zikachapishwa Julai 1972. Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997. Tazameni aina ya ushahidi: shahidi mwenye jina, karatasi za serikali yenyewe, na mtuhumiwa kukiri.

Kadi ya 5: majalada yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru yalikuwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, na yalijitokeza mwaka 2011 kwa sababu ya kesi ya wazee wa Mau Mau. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya wadai 5,228. Kadi hii iwe ya mwisho kufunguliwa. Kwa vijana wetu haiko mbali hata kidogo, wengine watakuwa na babu aliyepita kambini, na darasa linahitaji muda.

Sasa kadi ya 4, ambayo ndiyo tajiri kuliko zote. Dai lenyewe ni la uongo, lakini nyuma yake kuna njama ya kweli. Julai 1983 gazeti la Patriot la New Delhi lilichapisha barua isiyo na jina, ikidaiwa imeandikwa na mwanasayansi wa Marekani, ikisema UKIMWI umetoka maabara ya Fort Detrick, Maryland. Mwaka 1985 gazeti la Kisovieti, Literaturnaya Gazeta, likalirudia dai hilo likitaja Patriot kama chanzo. Uvumi ukaenea nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1992 Yevgeny Primakov, mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, alikiri kwamba idara za Kisovieti zilihusika kuusambaza.

Kinacholiangusha dai si kwamba Warusi walilisambaza. Adui yako naye anaweza kusema kweli. Linaangushwa na tarehe. Virusi hivyo vimekutwa kwenye damu iliyohifadhiwa tangu mwaka 1959, ya mtu wa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Mbinu ya kuunganisha vinasaba katika maabara ilipatikana mwaka 1973. Kitu hakiwezi kutengenezwa miaka 14 kabla ya chombo cha kukitengenezea. Wape vijana tarehe hizi mbili kwenye vipande tofauti vya karatasi, wasiambiwe kitu, waone kama watazikutanisha wenyewe.

Kabla ya kadi zote, kuna kianzio kizuri cha dakika 10: mumiani. Enzi za mkoloni watu wengi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliamini kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Ulizeni: kama ni kweli tungekuta nini? Majina ya waliopotea, mahali damu inapohifadhiwa, njia ya kuizuia isigande. Kisha swali la pili, lisirukwe: kwa nini uvumi huu uliaminika? Waliousikia walikuwa chini ya serikali iliyowatoza kodi ya kichwa na kuwafanyisha kazi kwa nguvu. Hofu yao ilikuwa na chanzo hata kama damu haikuwa ikinyonywa. Kijana akielewa hilo, hatamwita bibi yake mjinga.

Fimbo_na_Kivuli

Kadi ya 6, dunia bapa. Walimu wengi hukimbilia jaribio la fimbo mbili la Eratosthenes, Mgiriki wa kale aliyepima dunia kwa vivuli, kisha wanasema "mmeona? Ni mviringo." Hapo mwanafunzi mwenye akili atakushika, na atakuwa na haki.

Fimbo mbili zenye vivuli tofauti zinaelezeka kwa namna mbili. Ama dunia ni mviringo na jua liko mbali sana, ama dunia ni bapa na jua liko karibu, kilomita elfu chache juu. Vipimo viwili vinatosheleza maelezo yote mawili. Unahitaji mahali pa tatu.

Hesabu ni hii. Dunia ikiwa mviringo, pembe ya jua inabadilika kwa kipimo kilekile kwa kila kilomita unayokwenda kusini. Ikiwa bapa, kinachoongezeka kwa kipimo kilekile ni urefu wa kivuli. Chagueni miji iliyo karibu na mstari mmoja wa longitudo: Cairo, Kampala na Mbeya inafaa sana. Juni 21, fimbo ya mita 1, adhuhuri ya jua, vivuli vinatakiwa kuwa takriban sentimita 11.6 Cairo, 42.6 Kampala na 63.3 Mbeya. Sasa chukueni Cairo na Kampala peke yake mkatabiri Mbeya kwa kanuni ya dunia bapa (kivuli cha Cairo kinaelekea kaskazini na vya miji mingine kusini, hivyo cha Cairo kihesabiwe kuwa hasi): mnapata kama sentimita 59.5. Tofauti ni karibu sentimita 4: inaonekana, ila inadai kupima kwa uangalifu.

Msitumie Kampala, Mwanza na Mbeya peke yake. Tofauti ya tabiri mbili hapo ni kama sentimita 1 tu, inamezwa na makosa ya kupima. Jaribio halikosei, ila halina nguvu ya kuamua, na hilo nalo ni somo.

Utekelezaji: fimbo iliyonyooka, mita 1 kamili kutoka ardhini hadi ncha. Isimamishwe kwa timazi (uzi na jiwe vinatosha), na sakafu ikaguliwe kwa pimamaji. Fimbo ikiinama nyuzi 2 tu Mbeya, kivuli kinapotoka karibu sentimita 5.

Adhuhuri ya jua siyo saa sita kamili ya ukutani. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo ya 45, na Mbeya iko karibu 33.5, hivyo jua linafika juu karibu saa 6 na dakika 48. Kampala ni karibu saa 6 na dakika 52. Wekeni alama ya chaki kila dakika 5 kuanzia saa 6:20 hadi 7:20 mkachukue kivuli kifupi kuliko vyote. Hapo hamhitaji kuamini saa ya mtu. Ncha ya kivuli itakuwa na ukungu wa kama sentimita 1 kwa sababu jua si nukta. Wekeni alama katikati ya ukungu, na mtindo uwe mmoja shule zote.

Umbali upimwe kwenye ramani, kaskazini–kusini, kwa rula na skeli. Umbali wa barabara unapindapinda na utawapa dunia kubwa kupita kiasi. Na msitumie tofauti ya latitudo kupata kilomita, maana latitudo yenyewe inadhania dunia mviringo. Mtakuwa mnazunguka palepale.

Dadisi_254

Shule ya Cairo tutaipata wapi? Tukichukua urefu wa kivuli kwenye tovuti si itakuwa tumeamini tu?

Fimbo_na_Kivuli

Pingamizi lako ni sahihi, ndugu, lisemwe darasani kama lilivyo. Walimu wa jiografia wana magrupu ya WhatsApp yanayovuka mipaka. Anzeni kutafuta mwezi Machi, si Juni. Khartoum ingefaa kwa longitudo lakini vita vilivyoanza mwaka 2023 viliiondoa. Mkipata mtu mmoja tu, aombwe video ya fimbo, timazi na tepu katika picha moja bila kukatwa. Mkikosa kabisa, tumieni namba ya tovuti na muandike wazi kwenye bango: "kipimo hiki si chetu". Wanafunzi wakijua kipi walipima na kipi waliazima, kazi imefanyika.

Hesabu_Kidato4

Kuna zoezi linaloingia moja kwa moja kwenye hesabu za uwezekano: siri inadumu muda gani?

Chukua nafasi ya mtu mmoja kuvujisha siri ndani ya mwaka mmoja, iite p. Toa p kwenye 1, pandisha kwa kipeo cha idadi ya watu mara idadi ya miaka, kisha toa jibu kwenye 1. Hiyo ni nafasi ya siri kuvuja angalau mara moja. Kwa p ya 1 kwa 1,000 na miaka 10: watu 5 wanakupa karibu asilimia 5; watu 100, asilimia 63; watu 1,000, karibu asilimia 100. Kikokotoo cha kawaida kinatosha.

Mwanafizikia David Robert Grimes alichapisha mwaka 2016 hesabu ya namna hii yenye p ndogo zaidi kwa mbali. Kwa safari ya mwezini, akichukua watu 411,000 waliohusika na NASA, siri ingevuja ndani ya miaka 3.7 hivi.

Jalada_la_Kale

Mwalimu wa hesabu, zoezi ni zuri ila lina shimo. Tuskegee ilidumu miaka 40, na madaktari walikuwa wakichapisha matokeo yake kwenye majarida ya kitabibu muda wote. Haikuwa siri iliyofungwa kabatini. Waliojua hawakuona ubaya. Kanuni yako inadhania kila anayejua anaona kuna kitu cha kuvujisha.

Hesabu_Kidato4

Nakubali kabisa. Basi liongezwe hivi: kila kundi lijaribu p tatu, 1 kwa 100, 1 kwa 1,000 na 1 kwa 100,000, halafu lieleze ni mazingira gani yanaishusha p. Watataja woga, mshahara, ubaguzi, na "kila mtu anafanya". Kanuni inabaki kuwa chombo cha kuulizia maswali. Akiitumia mtu kama hukumu amekosea.

Taa_ya_Ua

Kadi ya 2, suala la nyota kutoonekana kwenye picha za mwezini, linajaribika jioni moja kwa wanafunzi wa bweni. Shuka jeupe kwenye kamba, taa kali ya ulinzi ielekezwe hapo, anga safi nyuma. Simu iwe kwenye hali ya kuweka mwanga kwa mkono, ikae juu ya kigoda, isishikwe. Picha ya kwanza, lenzi iachwe wazi 1/100 ya sekunde: shuka linatoka vizuri, anga ni jeusi tupu. Ya pili, sekunde 10: nyota zinatoka, shuka linakuwa doa jeupe. Uso wa mwezi wakati wa picha zile ulikuwa unapigwa na jua la mchana.

Bendera: ilikuwa na fimbo ya kulala iliyopitishwa upindo wa juu ili ikunjuke pasipo upepo. Waya na kitambaa vinatosha kuonyesha.

Ila tafadhali, msiishie hapo. Kueleza kwa nini nyota hazionekani kunaondoa pingamizi tu, hakuthibitishi kwamba walifika. Ushahidi wa kufika ni mwingine: kilo 382 za mawe na udongo kutoka safari sita, vioo vilivyoachwa na Apollo 11, 14 na 15 ambavyo hadi leo hurudisha miale ya leza, na Wasovieti, waliokuwa na kila sababu ya kupinga, kutopinga. Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili, na walimu pia.

Mama_Kliniki

Mimi nina hoja tofauti, walimu wangu. Mwezi na dunia bapa havimuumizi mtu. Kinachoumiza huku ni uvumi wa chanjo. Kwa nini hamuanzi nao?

Mwl_Chaki

Mama, shikamoo. Kwa umuhimu uko sahihi, lakini kwa mpangilio hapana. Dai ambalo mama wa mwanafunzi analiamini, au padri wake, au shehe wake, likiwa la kwanza, kijana halipimi, anailinda familia. Ajifunze kwanza chombo kwenye kitu kisicho na jeraha, kisha akihamishe. Chanjo ije wiki ya tano au ya sita, na mtu wa afya awepo darasani kujibu maswali ya kitabibu.

Ikifika, anzeni na kadi ngumu. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba CIA ilitumia kampeni bandia ya chanjo ya homa ya ini B mjini Abbottabad, Pakistan, ikimtafuta Osama bin Laden. Ni kweli, na mwaka 2014 Ikulu ya Marekani iliahidi kwamba CIA haitatumia tena chanjo kama kivuli. Ukiificha, mwanafunzi ataikuta mwenyewe mtandaoni na utakuwa umepoteza darasa. Ukiiweka mezani, swali linakuwa zuri: je, tukio hilo linathibitisha kwamba dawa iliyo kwenye kichupa ina sumu? Linathibitisha kwamba majasusi walidanganya kuhusu lengo la kampeni. Kichupa kinapimwa kwa njia nyingine.

Madai yanayotaja kabila, dini au chama cha siasa kilicho hai msiyaweke kwenye kadi kabisa, hata kama yanavuma kwenye magrupu yote.

Mama_Kliniki

Marahaba, mwanangu. Hapo nimekuelewa. Ongeza hili: kwenye bango ukweli uandikwe juu kwa herufi kubwa, uvumi chini kwa herufi ndogo. Sentensi inayorudiwa mara nyingi huanza kuonekana ya kweli kwa sababu tu masikio yameizoea. Wanasaikolojia wamelionyesha jambo hilo tangu mwaka 1977. Mabango ya kliniki yenye uvumi mkubwa katikati na neno "UONGO" pembeni huacha uvumi kichwani.

Dadisi_254

Na wenye intaneti wafanye nini cha ziada?

Mama_Kliniki

Wakikutana na ukurasa wasioujua, wasiusome mpaka mwisho. Wauache kando kidogo, wafungue vichupo (tab) vitatu pembeni waone wengine wanasema nini kuhusu mwenye ukurasa huo: anafadhiliwa na nani, amewahi kukanushwa? Dakika 10. Picha wazitafute kwa Google Lens au TinEye, waangalie ilipoonekana mara ya kwanza kabisa. Picha ya "jana" mara nyingi ni ya miaka mingi nyuma na ya nchi nyingine. Africa Check na PesaCheck, mashirika ya kuhakiki habari, wana kazi nyingi za ukanda wetu, ila mwanafunzi asome wamefikaje kwenye jibu, si muhuri wa mwisho tu.

Hesabu_Kidato4

Bado moja. Mwanafunzi aliyebaki na 95 kwenye dunia bapa baada ya vipindi vyote vinne?

Mwl_Chaki

Mwache na 95 yake. Usimsimamishe mbele ya darasa wala usiandae mdahalo, kwa sababu mdahalo unampa mshindi mwenye ulimi mwepesi. Muite pembeni, muulize: "Ni kipimo gani kikitoka tofauti kitakufanya ushuke hadi 70?" Akikitaja, mpe fimbo na tepu akakifanye. Akisema hakuna, muombe aandike jibu hilo na tarehe, akalihifadhi mwenyewe. Nawe andika lako, maana atakuuliza swali hilohilo.

Baada ya wiki nne rudini na kadi mbili mpya bila tangazo, namba 0 hadi 100, dakika 3. Zinazofaa: "Kampuni za sigara za Marekani zilijua sigara inaua zikaudanganya umma" (kweli, mahakama ya shirikisho iliamua hivyo mwaka 2006) na "Mistari myeupe nyuma ya ndege ni sumu ya kupunguza watu" (uongo, ni mvuke wa injini unaoganda kwenye baridi ya juu). Zikiachana kwa pointi 30 au zaidi, endeleeni na chanjo. Zikiwa sawa, rudieni kipindi cha bahasha kabla ya kugusa kitu kingine.